Sheria ya Kasia Moja

Hebu mwone kwanza akifika. Barabara inayotoka Bogoro imejaa watu tangu asubuhi, na kila mmoja amebeba kile ambacho mkono wake ulikishika kwanza: huyu godoro, yule sufuria mbili zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, mwingine kuku aliyefungwa miguu na kutulia kama abiria aliyelipa nauli. Halafu katikati yao anakuja mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, viatu vya plastiki mkononi ili visiishe njiani, na begani mwake, kama mtu anayekwenda shambani na jembe, ameweka kasia. Kasia la mtumbwi, refu kumpita yeye mwenyewe. Amelibeba tangu Tchomia, amepanda nalo ule mlima mkali unaoliacha ziwa chini, amelala nalo porini siku mbili, na sasa anaingia nalo Bunia, mji ambao maji yake makubwa kabisa mtu anayavuka kwa daraja bila hata kukunja suruali.

"Mama, umekosa njia!" alimpigia kelele kijana mmoja aliyekuwa anauza karanga kando ya barabara. "Hapa kwetu mitumbwi inatembeaka na magurudumu!"

Watu wakacheka. Walikuwa wamechoka, na kicheko kilikuwa cha bure.

"Weye cheka tu," alijibu yule mwanamke bila kusimama. "Siku mvua itanyesha ya kweli, utanitafuta."

Jina lake lilikuwa Emérance. Kwa miaka kumi na minne alifundisha mwaka wa tatu wa shule ya msingi kule Tchomia, asubuhi chaki, jioni moshi wa samaki, kwa sababu mshahara wa mwalimu haukuwa unafika na samaki walikuwa wanafika. Vita ya Ituri ilikuwa imeingia mwaka wake wa nne. Ilipofika kwenye mlango wake, hakuwa na wa kumsubiri. Mumewe, Nicolas mvuvi, hakuwapo tena, na habari yake tutaipata mbele, kwa mpango wake. Alichukua madaftari mawili, kisu cha samaki, na kasia.

Alipokelewa Nyakasanza, kwenye uwanja wa nyuma wa kanisa dogo lenye ukuta wa matofali usiomalizika, ambako familia za kutoka Djugu na za kutoka ziwani zilikuwa zimepanga majiko yao mstari kwa mstari. Kitanda alikigawana na mama Godelive, mjane aliyefua nguo za watu na ambaye hakuuliza maswali ila moja tu: "Unakoromaka?" Emérance akasema hapana. Godelive akasema, "Mimi ndiyo." Urafiki ukaanza hapo.

Mkubwa wa uwanja alikuwa katekista Evariste, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Aliposikia kwamba Emérance ni mwalimu, alikwenda nyuma ya madhabahu akarudi na furushi la buluu. Ilikuwa bâche, lile turubai la plastiki linalogawiwa na watu wa misaada, mpya, bado na harufu ya ghala.

"Hii niliificha," alisema Evariste. "Ni moja. Ingine haitakuja. Funga pale kwenye ukuta, weka batoto chini yake. Mvua inakaribia. Bila bâche hakuna masomo, na kama hakuna masomo, unajua batoto watakwenda wapi."

Alijua. Kila mtu pale uwanjani alijua. Mita mia tatu chini ya kanisa kulikuwa na barieri, gogo lililolazwa juu ya mapipa mawili, na wanaume wenye bunduki wamekaa kando yake. Mtoto asiye na kazi alikuwa anaishia pale. Siku ya kwanza wanamtuma maji. Siku ya tatu wanamtuma kuni. Wiki ikiisha anawashikia bunduki wakati wanakula. Na mwezi ukiisha, mtoto hairudishi tena ile bunduki, na mama yake akipita pale anaulizwa karatasi na mwanawe mwenyewe.

Basi bâche ikafungwa kwa kamba kwenye misumari ya ukuta na nguzo nne za mikaratusi, na chini yake wakaingia watoto thelathini na wanane. Emérance aliwahesabu kila asubuhi kwa kidole, kama mtu anayehesabu samaki juu ya moshi, akiogopa kwamba siku moja kidole kitafika mwisho kabla ya namba.

Shida haikuwa hesabu wala kusoma. Shida ilikuwa mapumziko. Kengele ikigongwa (rimu ya gari iliyoning'inizwa, na nondo), watoto walikuwa wananyoosha kamba ya mgomba kati ya nguzo mbili, wanachukua mabua ya mahindi kuwa bunduki, na mchezo wa barieri unaanza.

"Simama! Carte yako ya kitambulisho iko wapi?"

"Sina, chef."

"Weye ni wa kabila gani? Lala chini!"

Na Michée, mtoto wa miaka sita, mdogo kuliko wote, ndiye kila siku alikuwa analazwa chini. Alikuwa analala bila kulia, mikono nyuma, vizuri, kama mtu anayeujua mlalo ule. Hilo ndilo lilimchoma Emérance kuliko mabua ya mahindi.

Aliwakataza. Wakahamia nyuma ya jikoni. Akawafuata nyuma ya jikoni. Wakahamia nyuma ya choo. Usiku akamwambia Godelive, "Siwezi kukataza mchezo. Mpaka niwape mwingine wenye utamu zaidi." Godelive alikuwa tayari anakoroma.

Mchezo mwingine uliletwa na karanga. Prudence, msichana mwenye macho ya kukagua kila kitu, alikuja siku moja na karanga zake zimefungwa katika ukurasa wa kitabu. Alipozimaliza aliukunjua, kwa sababu Prudence alikuwa anasoma hata mifuko ya sabuni. Juu ya ukurasa kulikuwa na picha ya merikebu yenye vitambaa vikubwa vya kushika upepo, na mtu mwenye kitambaa jichoni.

"Madame, huyu mutu wa jicho moja ni nani?"

Emérance akautazama ule ukurasa. "Huyu ni haramia. Kwa Kifaransa wanasema pirate. Ni mwizi wa majini. Anangojea mtumbwi wa watu wengine, anaufuata, anachukua mali."

"Kama wale wa barieri?" aliuliza Rodrigue, mvulana wa miaka kumi na mmoja, sauti kubwa, jibu mbele ya swali.

Emérance alitazama upande wa barabara, kisha akasema polepole, "Ni wa zamani, na wa maji. Munataka kujua vile walikuwa wanaishi?"

Watoto thelathini na wanane walitaka.

Basi wakaanza, na hawakuanza kwa kuandika. "Haramia ambaye hana mtumbwi ni mtu tu anayelowana," aliwaambia. Aliwatuma kuleta vipande vya mgomba, na kisu cha samaki kikafanya kazi mpya. Kila kundi la watoto wanne lilichonga mtumbwi wake, likaweka kijiti katikati, na juu yake kipande cha boksi la biskuti kuwa tanga. Mama Godelive alitoa beseni lake kubwa la kufulia, huku akilalamika kwamba sasa mashati ya watu yatanuka mgomba, lakini alikuwa wa kwanza kupiga makofi mtumbwi wa kwanza ulipoelea. Wakapakia kokoto moja moja. "Saba imebeba. Nane? Nane imebeba. Tisa?" Ukazama. "Andikeni: mizigo minane." Ndiyo ilikuwa hesabu, na hakuna aliyegundua kwamba anahesabu.

Siku nyingine ilikuwa ya ramani. Alichora chini kwa mkaa ziwa lote, refu kama sambusa iliyovutwa. Tchomia hapa, Kasenyi hapa, Mahagi kule juu, ng'ambo Uganda. Watoto wa ziwani walimsahihisha, watoto wa Djugu wakaongeza milima yao. Halafu akawaambia wachore uwanja wao wenyewe kana kwamba ni bahari. Bomba la maji likawa ghuba. Jiko la Godelive likawa mlima wa moto. Barieri iliyoko chini wakaichora pia, na Rodrigue akauliza waiandike nini.

"Baharini kuna mahali mitumbwi inavunjika," alisema Emérance. "Panaitwa mwamba."

"Basi ni mwamba," Rodrigue akaandika, kwa herufi kubwa.

Siku ya kumchagua kapiteni ndiyo iliyomchekesha Evariste mpaka akavua kofia. Emérance aliwaeleza kwamba maharamia wengi walikuwa wanachagua mkubwa wao wenyewe, na kama hawatendei vizuri, wanamwondoa. Watoto hawakuamini. Hakuna hata mmoja wao, wala mzazi wa mmoja wao, aliyekuwa amepiga kura katika maisha yake. Aliweka makopo mawili, akampa kila mtoto punje ya harage. Priscille, msichana wa miaka kumi, mpole wa kusema lakini haondoki alipoweka mguu, alipata ishirini na tatu. Rodrigue alipata kumi na tano.

Rodrigue akasimama. "Mimi nakataa! Natoka na watu wangu. Naunda groupe yangu!"

"Kaa chini, baba," alisema Emérance. "Mji huu una ma-groupe ya kutosha. Hata majina ya kuyapa yamekwisha."

Hapo ndipo Evariste alipovua kofia. Rodrigue alikaa, amenuna, mpaka Priscille akamfanya msaidizi wa kapiteni, mwenye kazi ya kushika ramani. Akanyanyuka tena haraka.

Kisha wakatunga sheria za chombo chao. Kapiteni asipige mtu. Kila mmoja apate sawa, na kapiteni vilevile. Asilazwe mtu chini: hiyo ilisemwa na Michée, na ndiyo mara ya kwanza watoto wengine kusikia sauti yake darasani. Emérance akaiandika ubaoni bila kugeuka, kwa sababu uso wake haukuwa tayari.

"Na moja ni yangu," alisema. Akalichukua kasia lililokuwa limeegemea ukuta siku zote, ambalo watoto walidhani ni la kumpigia mwanafunzi mtukutu. "Munajua kwa nini nimebeba hii?"

"Juu ya kupiga," alisema mmoja nyuma.

"Hapana. Kwetu ziwani kulikuwa na wezi wa majini tangu babu zetu. Wanakuja na mtumbwi mwepesi, wanachukua nyavu, wanachukua samaki, wanachukua motere ya mtumbwi. Lakini walikuwa na sheria moja. Kasia moja wanaacha. Hata wakichukua mpaka shati, kasia moja inabaki, mutu afike kwake. Anayechukua kasia ya mwisho hajaiba tena, ameua. Na mutu wa namna ile, hata wezi wenzake walikuwa hawali naye. Bwana yangu, Nicolas, waliibiwa siku moja, yeye na mwenzake. Niliwangoja siku mbili. Ya tatu nikaona mtumbwi unakuja polepole, hauna wavu, hauna motere, na wao wanapokezana kasia moja. Ni hii."

Alilipokeza kwa watoto. Wakalipitisha mkono kwa mkono, wakigusa mahali pa mshiko palipolainika.

"Na hakuibiwa tena?" aliuliza Prudence, yule wa kukagua.

Emérance akajibu, "Aliibiwa. Vita ilikuwa imeanza. Hii niliiweka nyumbani, ukumbusho, akaenda na zingine mbili. Mtumbwi wake ulionekana kule Kasenyi, unaelea peke yake. Ndani hakukuwa na kasia."

Priscille alichukua chaki, akaandika yeye mwenyewe chini ya sheria nyingine: ACHA KASIA MOJA. Na kuanzia siku ile, katika mchezo, chombo kikishakamatwa na ndizi za hazina zikishagawanywa, Michée ndiye alikuwa anapewa kasia alipeleke kwa walioibiwa, akilikumbatia kwa mikono miwili, na kusema: "Chukueni. Mufike nyumbani."

Mchezo wa barieri ulikufa wenyewe, bila mazishi. Kamba ya mgomba ilifungiwa tanga.

Sasa sikia kosa lilipoingia, maana liliingia kwa mlango wa furaha. Watoto walitaka siku kubwa, siku ya kuonyesha wazazi, na chombo kikubwa kinahitaji bendera. Emérance alikubali. Ilimpasa kufikiri, akasema baadaye, lakini nani anafikiri wakati watoto wanaruka? Mama Godelive alikuwa ameondoa matanga ya mumewe majuma machache nyuma, na kile kitambaa cheusi cha kilio alikuwa amekikunja chini ya mto. Akakitoa mwenyewe. "Chukueni. Nguo hii imelia ya kutosha, iende ikacheze." Katika picha ya ukurasa wa karanga bendera ilikuwa na kichwa cha mtu na mifupa. Emérance alikataa, mifupa ya watu walikuwa wameshaiona. Wakachora kwa chokaa mifupa ya samaki, mzima, kichwa mpaka mkia, na wakaifunga kwenye mwanzi mrefu, na mwanzi wakaufunga juu ya ukuta wa kanisa, Jumamosi asubuhi, upepo ukaishika vizuri.

Bendera ya kundi jipya. Juu ya kilima. Katika Bunia ya mwaka ule.

Saa nne haijafika, wanaume sita wa barieri walikuwa uwanjani. Wazazi waliokuwa wamekaa kwenye matofali walisimama, halafu wakakaa tena, kwa sababu hawakujua ipi ni salama. Mbele yao alikuwa commandant wao, mtu wa makamo, mnene kidogo, koti la mvua begani na miwani ya jua isiyo na kioo kimoja.

"Drapeau hii ya nani?"

"Ya nani?" alirudia Evariste, aliyezoea kurudia kila swali kabla ya kulijibu, na safari hii tabia ile haikumsaidia. "Ya… ya batoto, chef."

"Batoto wa nani? Groupe gani? Mukubwa wao iko wapi?"

Priscille akatoka mstarini. Kofia ya karatasi ilikuwa imemfunika nyusi. "Kapiteni ni mimi."

Wale wanaume watano nyuma wakaangua kicheko. Commandant hakucheka.

"Na mifupa hii inasema nini? Munatuambia tutakufa?"

"Ni samaki, chef," alisema Emérance.

"Samaki gani?"

"Ya kukausha," alijibu Michée, kwa kusaidia.

Commandant alizunguka chini ya bâche. Alisoma ubao. Alitazama mitumbwi ya migomba. Alifika kwenye ramani iliyochorwa kwenye boksi lililofunguliwa, akainama, na kidole chake kikafuata barabara mpaka chini.

"Hii hapa ni barieri yetu. Mumeandika nini?"

Rodrigue, jibu mbele ya swali, alikuwa ameshafungua kinywa. "Mwamba, chef. Mitumbwi inavunjikaka pale."

Commandant alinyooka. "Mama. Unafundisha batoto kuiba?"

Mtu mmoja kwenye matofali alikohoa. Emérance alikuwa na jibu moja kwenye ulimi, tamu na la hatari, akalimeza. "Nafundisha hesabu, chef. Na kuchora ramani, na kuchagua mukubwa. Mambo ya maji ni juu ya kuwavuta. Kama haunisadiki, watakuonyesha."

"Waonyeshe."

Na watoto wakaonyesha, kwanza kwa kuogopa, halafu wakasahau. Benchi mbili zilikuwa mitumbwi. Kundi la Priscille likafukuza, kundi la Prudence likakimbia, Rodrigue akasoma ramani kwa sauti ya kupasua masikio, ndizi zikakamatwa, zikagawanywa moja moja, na kapiteni akapata moja kama wengine. Wale wanaume walikuwa wanacheka sasa kicheko cha kweli, mmoja ameweka bunduki kati ya magoti, anapiga makofi. Kisha Michée akaondoka peke yake na kasia kubwa kifuani, akavuka ile nafasi katikati ya benchi mbili, akalikabidhi.

"Chukueni. Mufike nyumbani."

Commandant alivua miwani yake ya kioo kimoja. Alilitazama lile kasia, si kama mtu anayetazama mti. "Weye mama," alisema, "unatoka ziwani?"

"Tchomia."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, na hakusema yeye anatoka wapi. Akageukia watu wake, na sauti ikarudi kuwa ya kazi. "Bendera tunachukua. Na kupandisha bendera bila ruhusa kuna amande, mutalipa. Bâche hii tunachukua, kule barieri tunalowana. Fungueni."

Emérance alisikia fundo la kwanza likifunguliwa, kisha la pili. Mafundo yale alikuwa amewafundisha watoto yeye mwenyewe, fundo la mtumbwi, ambalo halifunguki kwa upepo ila kwa mkono. Juu, upande wa mlima, mawingu yalikuwa yamekaa tangu alfajiri. Aliwatazama watoto wake, na kidole chake, bila yeye kutaka, kikaanza kuhesabu. Katekista alikuwa ameishika kofia kifuani. Bâche ikaanguka juu ya benchi kwa sauti ya kitu kikubwa kinachokata tamaa.

"Chef," alisema Priscille.

"Priscille, nyamaza," alisema Emérance.

Lakini yeye, kama tulivyosema, akishaweka mguu haondoki. "Chef, weye unachukua. Sawa. Umetukamata. Lakini haujaacha kasia."

Commandant alimtazama mtoto mwenye kofia ya karatasi kwa muda ambao mama Godelive, alipousimulia baadaye, aliufanya kuwa nusu saa. Halafu akaingiza mkono kiunoni, akatoa kisu.

Emérance alishamweka Priscille nyuma yake kabla hajajua kwamba amesogea. Lakini yule mtu alipita kando yao. Aliinama, akashika pindo la bâche, akapima kwa mikono yake, hatua kwa hatua, kwa makini, kama fundi wa nguo. Akachana. Plastiki ililia kutoka pindo mpaka pindo.

Nusu moja akawatupia watu wake. Nusu ya pili akaisukuma kwa mguu mpaka kwenye miguu ya Priscille.

"Kasia yenu ndiyo hii," alisema. "Mufike nyumbani."

Wakashuka kilima, na kitambaa cheusi cha Godelive kimefungwa kwenye mtutu wa bunduki, mifupa ya samaki inaruka.

Mvua ilianza Jumatatu. Nusu ya bâche inafunika watoto kumi na wanane, ukiwabana ishirini. Emérance akaigawanya siku: wadogo asubuhi, wakubwa alasiri, na sauti yake ikaisha kila jioni kama chaki. Hesabu ya kidole ilifika thelathini na sita. Wawili hawakurudi baada ya mvua ile ya kwanza, ndugu wawili, na mtu aliyepita chini aliwaona wamebeba madumu ya maji, wamesimama kavu chini ya ile nusu nyingine. Aliposikia, alikwenda mwenyewe, na kasia lake begani, mita mia tatu. Yaliyosemwa pale hakuyasimulia. Mmoja alirudi naye.

Na darasani, kila mvua iliponyesha, hoja ilikuwa ile ile. Prudence alisema yule ni mwizi: bâche ilikuwa nzima, yeye ameikuta nzima. Rodrigue alisema angeweza kuchukua yote, na nani angemkataza? Priscille alisema hajui, yeye aliomba kasia tu. Michée alisema alikosea kupima, nusu yao ni kubwa kidogo. Wakamgeukia mwalimu.

"Madame, na weye?"

Emérance alikuwa amekaa mahali pa maji kudondoka, ili mtoto asikae pale, na kasia kwenye magoti yake. Alifikiri juu ya mtumbwi uliofika Tchomia polepole siku ya tatu, na juu ya ule mwingine uliofika Kasenyi bila mtu. Alifikiri juu ya yule mtoto mmoja aliyebaki chini barierini, kavu. Watoto wakangoja. Walikuwa wamezoea kwamba anajibu.

Hakujibu siku ile, na swali likabaki pale kwenye ubao, kwa mwandiko wa Prudence, mpaka chaki ikafutika yenyewe kwa unyevu. Basi nalileta kwako, wewe uliyekaa pakavu ukanisikiliza mpaka hapa: yule mtu mwenye kisu aliwachukulia nusu, au aliwaachia nusu?